Tiketi ya Mama, Mar Girgis

Desemba 2017 nilimpeleka mama Cairo ya kale kwa metro. Safari yenyewe fupi: unaingia Sadat, chini ya uwanja wa Tahrir, unashuka Mar Girgis, kituo cha nne. Tiketi ilikuwa pauni 2 popote uendako. Nauli ya kuhesabu vituo ilianza Mei 2018. Tangu hapo ukikata ya vituo 9 ukapitiliza, geti la kutokea linakugomea.

Sadat zinakutana njia mbili, na mgeni hupotea hapo. Mimi husoma jina la kituo cha mwisho tu. Njia ya 1 kwenda kusini imeandikwa Helwan, kaskazini El-Marg. Shubra na El-Mounib ni za njia ya 2. Ukiona kituo kinachofuata ni Nasser, umekwenda siko.

Tiketi ilikuwa kikaratasi kidogo chenye ufito mweusi mgongoni. Unakichomeka, kinatokea upande wa pili wa geti, unakichukua ndipo unapita. Mama alipita akakiacha kimesimama pale. Nikakichukua, nikakitia mfukoni pamoja na changu. Uvivu tu; ningempa palepale.

Mabehewa mawili ya katikati ni ya wanawake. Mama akasimama mbele ya alama yao, mimi nikasogea kando kutafuta behewa langu. Treni ikaja imejaa. Waliokuwa wanashuka hawajaisha, waliokuwa wanapanda wameshasukumana. Yeye akaingia. Mlango wangu ukafungwa nikiwa nje.

Sikuogopa sana kwamba atapotea. Nilikuwa nimeshamwambia ahesabu vinne: Saad Zaghloul, kisha treni inatoka shimoni unaona jua, Sayyida Zeinab, Malek el-Saleh, Mar Girgis. Huko juu njia inafuata reli ya zamani ya Helwan, iliyounganishwa na metro mwaka 1987. Nililoogopa ni tiketi. Bila tiketi getini unatozwa faini, na mfuko wa mama ulikuwa na shilingi za Tanzania.

Treni iliyofuata ilikuja baada ya dakika chache. Nilimkuta ameketi karibu na geti, mlinzi amesimama naye. Kiarabu cha mama ni cha msahafu. Mlinzi akisema "tazkara", yeye anaelekeza kidole kwenye reli: "Ibni, ibni." Mwanangu.

"Umeniweka rehani, baba," aliniambia.

Ng'ambo ya barabara, mnara wa ngome ya Warumi ulikuwa unatutazama. Nikampa tiketi yake. Akaichomeka mwenyewe, geti likafunguka, lakini hakupita. Alikuwa anaingojea itokee upande wa pili, kama Sadat. Watu wakaanza kujazana nyuma yetu.

"Pita mama, hii ya kutokea hairudi."

"Basi si wangesema?"