Nilivyotumia minoksidili kwa nywele za utosini zilizokuwa zinaisha

Upande wa mama yangu wanawake karibu wote nywele za utosini zinakuwa nyepesi wakifika umri fulani, mama mwenyewe, mama wadogo, na bibi tangu nimfahamu alikuwa anafunga kitambaa mpaka ndani ya nyumba. Kwa hiyo njia yangu ya katikati, ule mstari wa kugawa nywele, ilipoanza kupanuka nilijua kabisa hiki ni nini, ila sikutegemea ingeanza mapema hivi, sijafika hata miaka 35. Iliniuma sana jamani. Watu wanasema ni nywele tu lakini ukisimama kwenye mwanga unaona ngozi ya kichwa inang'aa hapo katikati na unaanza kuchagua pa kukaa ili mtu asisimame nyuma yako, hiyo sio nywele tu.

Nimepaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, zaidi ya miaka miwili sasa na imenisaidia kweli, na naandika kwasababu kila mara nasikia mtu akisema "hiyo dawa haifanyi kazi", ukimuuliza ulitumia muda gani anakwambia mwezi na nusu, miezi miwili. Hapo dawa ilikuwa hata haijaanza kuonyesha kitu.

Kabla ya dawa nilienda kwa daktari wa ngozi, na hii hatua naomba usiiruke hasa kama ni mwanamke, kwasababu nywele zetu zinapungua kwa sababu nyingi sana. Aliniuliza kama nasuka za kubana, kama nimejifungua karibuni, kama nimeumwa homa kali au nimejinyima kula nipungue, natumia dawa gani nyingine, akanipima damu kuangalia madini ya chuma na tezi ya thairodi. Alafu akachukua kile kilensi chenye taa akakiweka kwenye njia na kunionyesha picha kwenye skrini. Nilichoona sijakisahau: kwenye kipande kidogo tu cha ngozi kuna unywele mnene mweusi, pembeni yake mwembamba, pembeni yake tena kama wa mtoto mchanga, yaani unene haufanani kabisa. Akasema hiyo ndio dalili kubwa ya nywele za kupungua kwa urithi. Mashina hayajafa, yanasinyaa, kila unywele ukidondoka unaokuja nyuma yake ni mwembamba na mfupi zaidi, mpaka mwisho unatoka mmoja hauonekani kwa macho.

Kwa wanaume anayesababisha hasa ni DHT, homoni inayotokana na testosteroni, na mashina ya utosini na ya pembe za paji la uso kwa wenye urithi huo yanaisikia sana, ndio maana nyuma ya kichwa nywele zinabaki. Kwa sisi wanawake homoni sio maelezo yote, wengi vipimo vyao vya homoni viko sawa kabisa, na ramani yake ni tofauti, mstari wa mbele unabaki palepale na katikati ndio panapoachia. Na urithi unatoka pande zote mbili, baba na mama, usisikilize wanaosema ni wa babu mzaa mama peke yake.

Alipomaliza akaniuliza swali ambalo namshukuru mpaka leo. "Dada, utaweza kupaka hii kila siku bila kuacha, leo, mwakani, na mwaka wa tano?" Nikamwambia nahitaji kufikiria. Akasema nenda kafikirie, kwasababu ukiacha, zile zote zilizorudi zitaondoka ndani ya miezi michache na utarudi pale ambapo ungekuwa kama usingepaka kabisa. Nilienda nikakaa nalo, nikarudi nikasema naweza. Akanipima presha, akauliza kama nina shida ya moyo, kama nina mimba au nanyonyesha, maana hapo hairuhusiwi.

Kuhusu presha, hii dawa yenyewe ilianza kama vidonge vya presha vya kampuni ya Upjohn ya Marekani, wagonjwa waliokuwa wanameza wakaanza kuota nywele mpaka sehemu zisizotakiwa, ndio watu wakafikiria kuitengeneza ya kupaka. Ile ya asilimia 2 ilikubaliwa Marekani kwa wanaume 1988, kwa wanawake 1991, na povu la asilimia 5 la kupaka mara moja kwa siku kwa wanawake likaja 2014. Naitaja hii kwasababu kuna mama mdogo wangu alikuwa anaamini nimeuziwa kitu cha mtandaoni kilichotoka juzi.

Nilianza na ya maji, asilimia 2, mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni. Sasa hapa kwenye kupaka ndipo pana kazi na sioni watu wakieleza vizuri. Dawa inatakiwa ifike kwenye NGOZI. Ukimwagia juu ya nywele nene zilizojikunja kama zangu inaishia kwenye nywele, inazikausha kwasababu ina spiriti ndani, na ngozi haijapata kitu. Mimi nakaa na chanuo la mkia, natoa njia ya katikati, nachukua dawa na kile kidude cha kudondoshea hadi kwenye alama, naangusha matone machache kwenye mstari kuanzia mbele kwenda nyuma, nasambaza na ncha ya kidole pole pole bila kusugua. Alafu natoa njia nyingine pembeni yake upana wa kidole, hivohivo, mpaka eneo lote la utosi limeguswa na ile mililita moja imeisha. Kichwa kiwe kikavu, sio kimetoka kuoshwa kinachuruzika. Baada ya hapo nanawa mikono kwa sabuni na sioshi kichwa walau masaa manne. Ya jioni napaka mapema, masaa mawili au zaidi kabla ya kulala, kwasababu ikiwa mbichi inaenda kwenye foronya, kutoka kwenye foronya inaenda usoni na uso nao unaota nywele.

Nikiwa nimesuka ndio rahisi zaidi, mistari iko wazi, unafuata tu mstari kwa mstari, ila nasuka za kulegea. Kubana kunavuta mashina na kunaleta tatizo lingine juu ya hilo ulilonalo, na hilo la kuvuta likikaa miaka linaacha kovu ambalo dawa hii haiondoi.

Sasa wiki za mwanzo. Kama kuna kitu kimoja nataka ukijue kabla ya kuanza ni hiki, nywele ZITADONDOKA zaidi. Sio kwa kila mtu lakini kwa wengi, kuanzia kama wiki ya pili mpaka wiki ya nane hivi. Unywele una mizunguko, kuna kipindi unakua miaka kadhaa, alafu unapumzika kama miezi mitatu alafu unaanguka unakuja mwingine. Minoksidili inafupisha kule kupumzika, inayaamsha mashina mengi kwa wakati mmoja, na yakianza kusukuma unywele mpya ule wa zamani uliokuwa umekaa tu unatoka. Kwa maelezo ni habari njema lakini ukiwa bafuni na chanuo limejaa huoni habari njema yoyote. Mimi nilikuwa nazikusanya kwenye kiganja naziangalia, nyingi zilikuwa fupi na nyembamba, zina kidoti cheupe mwishoni, daktari alishaniambia kile ni kichwa cha unywele uliomaliza muda wake na sio shina limeng'oka. Hilo lilinishikilia. Mama alikuja kunitembelea kipindi hichohicho akaona zile nywele kwenye sinki akasema mwanangu achana na hilo lidawa litakumaliza hata hizo zilizobaki. Nikamwambia mama, niliambiwa hii itatokea kabla hata sijafungua chupa, nipe muda. Hakuridhika lakini alinyamaza, na mimi nikaendelea kupaka huku roho iko juu, sidanganyi.

Naamini kabisa wengi wanaosema haifanyi kazi waliachia hapo. Na inaumiza kufikiria maana wamepata ile hasara ya mwanzo na hawajasubiri faida yake.

Kama mwezi wa nne wa kupaka kudondoka kukapungua chini ya hata kule kwa kawaida yangu ya zamani (mtu yeyote anapoteza kama 50 hadi 100 kwa siku, hiyo sio ugonjwa). Mwezi wa sita hivi nikaanza kuona vinywele vifupi vimesimama kwenye njia, laini, vya rangi ya kufifia, nikivigusa na kidole nasikia kabisa kuna kitu kinachoma choma. Baadae vikawa vyeusi vikanenepa. Mwaka ulipoisha njia ilikuwa imepungua kiasi kwamba msusi aliniuliza nimefanya nini. Haijarudi kuwa kama nilivyokuwa shuleni, sitaki kumdanganya mtu, lakini ngozi haing'ai tena kwenye mwanga na zile zilizokuwepo hazijaendelea kuondoka. Mimi hilo la pili nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza. Kilichonisaidia kuamini ni picha, kila mwezi, mahali palepale karibu na dirisha, nywele kavu, njia ileile, kwasababu kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko na picha za mwanga tofauti zinakudanganya kabisa.

Matatizo yalikuwepo. Ile ya maji ilianza kuniwasha, ngozi ikawa inabanduka kama mba, nikajua ndio mwisho. Kumbe mara nyingi kinachowasha ni propilini glikoli, kimiminika kinachotumika kuyeyusha dawa, na povu halina hicho. Nikahamia povu la asilimia 5, nusu kifuniko mara moja kwa siku, kuwashwa kukaisha na pia nikapunguziwa kazi kutoka mara mbili hadi mara moja. Povu lina tabia yake, linayeyuka kwenye kidole chenye joto kabla hujafika kichwani, kwa hiyo naosha vidole kwa maji baridi navikausha ndio nachukua kidogo kidogo. Alafu nikaota malaika, vile vinywele laini, mashavuni karibu na masikio, hii inatokea zaidi kwa wanawake na zaidi kwenye asilimia 5, kwangu ni vichache nimeamua kuishi navyo, ukiacha dawa vinaondoka vyenyewe baada ya miezi. Ila ukisikia moyo unaenda mbio, kizunguzungu, kifua kinauma, miguu au uso unavimba, au uzito unapanda ghafla, acha kupaka uende kwa daktari, hapo sio pa kuvumilia.

Na kama unafuga paka nyumbani tafadhali soma hapa mara mbili. Minoksidili ni sumu kali kwa paka, hata kiasi kidogo alicholamba kwenye foronya au kwenye mkono wako kinaweza kumuua. Sisi tunaye, kwa hiyo mto wangu hauguswi, chupa inafungiwa juu ambapo hata watoto hawafiki, na nikishapaka simbebi mpaka pakauke na nimenawa. Pia usikae karibu na moto au sigara wakati kichwa bado kibichi, ile spiriti inashika.

Kaka yangu naye anatumia, ya wanaume ya asilimia 5 mara mbili kwa siku, na kwake utosini pamejaa vizuri lakini zile pembe za mbele zimesogea kidogo sana, ambavyo ndio kawaida ya dawa hii. Yeye daktari alimuongezea finasteraidi ya kumeza ambayo inazuia ile DHT isitengenezwe, kwahiyo zinafanya kazi kwa njia mbili tofauti. Hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba asiishike hata kidonge kilichovunjika, inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Kuna na finasteraidi ya kupaka inayochanganywa na minoksidili, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari 2025 kuhusu zile za kuchanganywa, kwahiyo usinunue tu kwasababu imeandikwa ya kupaka ukadhani haiingii mwilini.

Kuna watu dawa hii haiwakubali hata wakipaka kwa bidii, hilo nalo ni kweli. Minoksidili ikifika kwenye shina inatakiwa igeuzwe na enzaimu iliyopo hapohapo ndio ianze kazi, na wapo ambao enzaimu hiyo kwao ni kidogo. Lakini huwezi kujua uko kundi gani kwa miezi miwili, ipe angalau miezi sita, mwaka ukiweza. Na kama nywele zimetoka ghafla kwa mabaka ya duara, au panauma, pana usaha, au ngozi imekuwa laini bila hata vitundu, hiyo sio ya urithi na minoksidili sio dawa yake, wahi hospitali.

Sasa hivi mimi na mume wangu tunataka mtoto, kwa hiyo nimeshaongea na daktari na karibuni naacha. Najua nitakachopoteza, ameniambia ndani ya miezi mitatu minne zitaanza kwenda, na baada ya kujifungua kuna kule kudondoka kwa kawaida kwa wazazi wengi juu yake. Nimelia kidogo sitaficha, alafu tukapanga, nikimaliza kunyonyesha naanza tena na povu, na picha zangu zote nimezihifadhi ili nijue naanzia wapi.