Silaha za Godzilla: za kweli zilikuwa zipi?

Juzi usiku nimeirudia Godzilla, filamu ya Kijapani ya lile dubwana linalovamia Tokyo, ile ya kwanza kabisa ya 1954, isiyo na rangi, na safari hii mnyama nilimwacha, nikawa naangalia jeshi tu. Maana kila nikiiona swali ni lilelile, zile silaha ni za kweli au geresha?

Zimechanganywa, na ukishajua pa kuangalia unaona kabisa zinapoachana. Pale malori ya jeshi yanapopita yamejaa askari, ile ni mali halisi, wapiga picha waliufuata msafara wa jeshi wenyewe ukiwa barabarani. Ila mzinga ukianza tu kutema moto, ujue tayari tuko studio. Vifaru vile ni modeli, mji umejengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25, ndo maana mnyama wa mita 50 anatoshea mtu ndani ya vazi, naye ni Haruo Nakajima akihangaika na mpira wa karibu kilo 100. Ndege zimening'inizwa kwenye nyaya nyembamba, ukikodoa macho vizuri kuna sehemu nyaya zinaonekana. Af kamera inakimbizwa kuliko kawaida wakati wa kupiga, ili filamu ikija kuonyeshwa kwa spidi yake ukuta uanguke taratibu kama wenye tani nyingi.

Sasa kinachonigusa mimi ni hilo jeshi lenyewe. Baada ya kushindwa 1945 Japani ilinyang'anywa jeshi, katiba ya 1947 ikakataa vita, Kikosi cha Kujilinda kikaja kuundwa Julai 1954, na filamu imetoka Novemba 3 mwaka huohuo, yaani kikosi kina miezi minne tu! Ndo maana hata modeli zimeigizwa vifaru vya Kimarekani, M24, kwa sababu ndivyo walivyokuwa navyo. Mtu wa Tokyo aliyekaa kwenye kiti cha sinema siku ile, mji wake umeungua kwa mabomu miaka tisa tu nyuma, anaona malori ya askari wake yanapita tena. Hebu fikiria alivyojisikia.

Na waliotengeneza filamu hii, vita walikuwa wanaijua. Ishirō Honda, mwongozaji, alikuwa askari, akirudi kutoka China 1946 alipita Hiroshima akaona ilivyobaki. Eiji Tsuburaya wa efekti ndiye aliyetengeneza shambulio la Pearl Harbor kwa modeli kwenye filamu ya wakati wa vita, 1942, kwa hiyo mkono wake ulishazoea kulipua meli ndogondogo zikaonekana kubwa.

Baadaye wakaanza kubuni silaha zao kabisa, kama ile mizinga ya maser ya 1966, sahani kubwa juu ya gari inayotoa mwale, hakuna jeshi lililokuwa nayo. Nzuri sana, watu wanaipenda, ila mimi bado nabaki na 1954, na hasa ule uzio wa umeme wa volti 50,000. Godzilla anatoa pumzi yake ya moto, minara ya chuma inainama, inalegea, inadondoka taratibu. Ile minara ilikuwa ya nta, wakaichoma kwa taa za studio na hewa ya moto mpaka ikayeyuka mbele ya kamera.