Kimlango cha tenki kilipogoma Korogwe

Taa ya mafuta iliwaka tulipoipita Segera. Sikushtuka, maana Korogwe haiko mbali na sheli zipo. Nilikuwa nampeleka mama Lushoto kumwona kaka yake aliyekuwa anaumwa, na nilitaka tuupande mlima kutoka Mombo tukiwa na tenki lililojaa. Nikaingia sheli, nikavuta kile kishikizo kidogo kilicho chini, ubavuni mwa kiti cha dereva, chenye picha ya pampu. Kijana wa pampu akasubiri, kisha akaniinamia dirishani: "Dada, bado hakijafunguka."

Nikavuta tena na tena. Kijana akakigonga kimlango kwa kiganja, kimya. Nyuma yangu bodaboda zimeshajipanga. Akaja mwenzake na bisibisi ndefu, akataka kuipenyeza kwenye ukingo akichokonoe. Hapo nikakataa, na mama naye kutoka ndani akasema, "Mwanangu, asije mtu akaliumiza gari la watu wazima kwa haraka zake." Kimlango kile ni bati jembamba. Ukikichokonoa unalipinda na kubandua rangi, na sisi tunaokaa Tanga na upepo wa chumvi tunajua palipobanduka rangi ndipo kutu inapoanza kula. Isitoshe, kinachokishika kiko kwa ndani, bisibisi ya nje haikifikii.

Tukalisukuma gari pembeni, mbali na pampu, ndipo nikampigia fundi wangu wa Ngamiani. Hakuniuliza aina ya gari, analijua. Aliuliza jambo moja tu: "Ukivuta kishikizo, ni kizito au chepesi?"

Swali hilo ndilo lililoniokoa, na ndilo ninalotaka kila mwenye gari la namna hii alijue. Kutoka kwenye kishikizo inatoka kebo, waya mwembamba ndani ya ganda la plastiki, inapita chini ya kapeti hadi nyuma kwenye tenki. Kwangu tenki linajaziwa upande wa kushoto na kishikizo kiko kulia, kwa hiyo kebo inakata gari zima. Mwisho wake inavuta pini yenye springi, na pini ikirudi nyuma kimlango kinaachiwa.

Kishikizo kikiwa kizito hadi hakitaki kuja, kebo imeshika kutu ndani ya ganda au pini imeganda. Kikiwa na uzito wake wa kila siku lakini kimlango hakichomozi, mara nyingi pini inafanya kazi ila springi ya kukisukuma nje imechoka, au vumbi na matone ya mafuta vimekigandisha. Hapo mnahitaji watu wawili tu. Mmoja avute kishikizo asikiachie, mwingine akibonyeze kimlango kuelekea ndani na kukiachia, au akinyanyue taratibu kwa kadi ya plastiki. Changu kilikuwa chepesi kabisa, kama kamba ya kisima iliyoachana na ndoo. Fundi akasema, "Kebo imechomoka au imekatika. Usihangaike na kishikizo tena. Nenda kwenye buti."

Kishikizo cha buti kina kebo yake, buti likafunguka vizuri. Tukatoa kapu la nazi na mizigo ya mama, nikabandua zulia la ubavu wa kushoto lililoshikwa na vibanio vya plastiki, nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Nikapapasa ukuta wa ndani, sawa na pale kimlango kilipo kwa nje, nikakuta kidude cha plastiki chenye waya umeingia nyuma yake. Nikakishika kwa plaizi, nikakivuta taratibu kuelekea kwangu. "Tayari!" kijana akapiga kelele. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Tulipomaliza kujaza, nilikaza vizuri kile kifuniko cha ndani cha kuzungusha, kwa kuwa hicho ndicho kinachozuia mafuta na mvuke. Kimlango cha nje sikukibana, nikakishikiza kwa selotepu hadi Lushoto na kurudi.

Nyumbani nilitengeneza mwenyewe, fundi akinielekeza kwa simu. Nilifanyia kazi uani, palipo wazi, pasipo jiko wala sigara karibu, kwa sababu mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya cheche. Nikang'oa plastiki ya kizingiti cha mlango wa dereva na kuinua kapeti. Kebo haikukatika. Kibanio kinacholishika ganda lake karibu na kishikizo kilikuwa kimevunjika, kichwa cha waya kikatoka kwenye ndoano yake. Fundi alikuwa tayari kunitafutia kebo iliyotumika, lakini kibanio tu kilitosha. Nilipata kwenye duka la spea kinacholingana, nikakipachika.

Kazi ndefu ilikuwa upande wa pini. Kidude chake kinatoka kwa kuzungushwa robo mzunguko. Ndani kulikuwa na tope jekundu lililokauka, na pini ilirudi kwa kusitasita. Huenda ndio maana kebo ilikuwa inavutwa kwa nguvu miezi yote ile hadi kibanio kikashindwa, nami nilikuwa nauhisi uzito huo nikiupuuza. Nikasafisha kwa mswaki wa zamani, nikakausha, nikaweka grisi kidogo. Kile kibati cha springi kinachokisukuma kimlango nikakikunja nje kidogo kwa vidole. Sasa nikivuta, kinaruka.

Magari mapya mengine hayana kebo, yana mota ndogo inayofungua pamoja na loki za milango. Kwa hayo anza kwa kufungua loki za milango yote, kisha angalia fyuzi. Mengine yamewekewa kamba ya dharura ndani ya buti. Langu halikuwa nayo, nikaiweka. Nilifunga mshipi mnene wa kuvulia samaki kwenye kichwa cha pini, nikaupitisha nyuma ya zulia, nikauacha ncha yake imefungwa kipande cha kitambaa chekundu. Nimeujaribu mara mbili, kimlango kimefunguka zote mbili, na mama ameoneshwa ulipo.