Programu ya maji: kusafisha msimbo kabla ya kuongeza kitu kipya

Kwa asiyeufahamu mradi huu: ni programu ndogo ya Python (lugha ya kuandikia programu) inayokokotoa saa za maji kujaa na kupwa upande wa mashariki wa Unguja, kisha inatoa ratiba ya wiki. Ratiba hiyo hutumwa kwenye simu ya shangazi yangu, anayelima mwani Jambiani, naye huwasambazia wenzake. Msimbo wa awali si wangu. Uliandikwa na jamaa niliyesoma naye, akaniachia alipopata ajira.

Majibu yake ni mazuri. Nimeyalinganisha na jedwali la maji lililochapishwa na tofauti ni dakika chache tu. Kasoro ni kwamba hakuna anayethubutu kuugusa: faili moja, majina ya herufi moja moja, na komenti (maelezo ya msomaji ambayo kompyuta huyaruka) moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nayo inasema "usiguse hapa". Nilipompigia kumuuliza kwa nini nisiguse, alicheka. Hakumbuki.

Sasa shangazi ana ombi. "Mwanangu, hiyo simu yako haiwezi kuniambia bamvua inaingia lini? Nijipange na kamba zangu." Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Kazi ya mwani hufanyika maji yakiwa yametoka sana, kwa hiyo ombi lina haki. Lakini nimeamua kwanza msimbo usomeke, ndipo niongeze.

Namba tano

Hivi ndivyo nilivyoukuta:

```
a = [28.9841042, 30.0, 28.4397295, 15.0410686, 13.9430356]
```

Iliyonifungulia mlango ni 30.0. Kitu kinachokwenda nyuzi 30 kwa saa humaliza nyuzi 360 kwa saa 12 kamili, na hilo ni jua. Ile ya kwanza humaliza mzunguko kwa saa 12 na dakika 25, na huo ni mwezi. Ndiyo maana maji ya leo huchelewa yale ya jana. Wanaoshughulika na elimu ya bahari huziita S2 (ya jua) na M2 (ya mwezi), na hizo tatu nyingine nazo zina majina yao. Sasa pameandikwa hivi:

```
# Kasi ya kila wimbi: nyuzi kwa saa. Zinatokana na mwendo wa
# mwezi na jua, kwa hiyo ni zilezile kwa bandari zote duniani.
# Kinachotofautisha bandari ni kimo na awamu: tazama bandari.py
KASI = {
    "M2": 28.9841042,  # mwezi, mara mbili kwa siku
    "S2": 30.0,        # jua, mara mbili kwa siku
    "N2": 28.4397295,  # mwezi kukaribia na kuwa mbali na dunia
    "K1": 15.0410686,  # mwezi na jua, mara moja kwa siku
    "O1": 13.9430356,  # mwezi, mara moja kwa siku
}
```

Maelezo ya pembeni yanasaidia, ila ninayoithamini ni mistari ile mitatu ya juu. Kimo ni ukubwa wa wimbi, awamu ni kuchelewa kwake. Mtu wa Tanga au Lamu akitaka kuitumia programu kwao, atajua namba zipi aziache na zipi azibadilishe, bila kunitafuta.

Na kumbe ombi la shangazi lilikuwa limelala humohumo. Bamvua huja wimbi la mwezi na la jua yakienda sambamba. Toa 28.9841 kwenye 30, unabaki na nyuzi 1.0159 kwa saa. Gawa 360 kwa hiyo, kisha gawa kwa 24: siku 14.77. Hicho ndicho kipindi cha kutoka bamvua moja hadi nyingine, na katikati yake ndipo yanapoingia maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Toa tatu

Mstari ulionichosha kuliko yote ni huu:

```
t = t - 3
```

Muda wote humo ndani huhesabiwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa. Afrika Mashariki tuko UTC+3. Mtu yeyote makini akiuona huo mstari atasema alama imegeuzwa, atairekebisha iwe `+ 3`, na ataondoka akiwa ameridhika. Ratiba nzima itaharibika. Ukweli ni kwamba mambo mawili yameminywa pamoja: ongeza tatu kufika saa za hapa, toa sita kufika saa tunazozitaja mdomoni. Jumla yake ni kutoa tatu. Hesabu ni sahihi kabisa, ila mwandishi ameficha hatua zake.

Hapa sikuweka komenti. Niliutenganisha:

```
saa_ya_hapa = saa_utc + TOFAUTI_NA_UTC
saa_ya_kiswahili = saa_ya_hapa - 6
```

Kinachoweza kusemwa na jina, kisemwe na jina. Ndiyo maana hata vipimo nimevitia kwenye majina: `h` sasa ni `kimo_m`, na `p` ni `awamu_nyuzi`. Komenti hubaki pale juu ilipoandikwa. Jina husafiri na kila mstari linapotumika. Mwaka 1999 NASA ilikipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya pauni, na nyingine ikazipokea kama niutoni. Mimi sirushi chombo Mirihi, lakini mtu anayeingia baharini kwa miguu akitegemea ratiba yangu ananitosha.

Usiguse hapa

Komenti yenyewe ilikaa juu ya mstari unaozidisha kimo cha M2 kwa `1 - 0.037*cos(n)`. Hiyo ni namba inayocheza karibu na moja. Ukiifuta na kujaribu ratiba ya mwezi mmoja, hutaona cha maana. Ni sahihisho la mzunguko wa mwezi unaoyumba kwa kipindi cha miaka 18.6. Kwa hiyo jamaa alikuwa na haki ya kuonya, ila onyo bila sababu humchokoza mtu. Nimeandika:

```
# Mzingo wa mwezi huyumba kwa kipindi cha miaka 18.6, na kimo
# cha M2 hupanda au kushuka hadi takriban asilimia 4. Ukifuta
# hapa majaribio ya muda mfupi yatapita, lakini vimo vitaanza
# kupotoka polepole mwaka hadi mwaka.
```

Nilikumbuka msimbo wa mchezo wa Quake III, uliowekwa hadharani mwaka 2005. Ndani yake mna namba 0x5f3759df ya kukokotoa haraka kinyume cha kipeuo cha pili, na komenti iliyo kando yake ni tusi la mshangao. Linachekesha, sikatai. Lakini watu wameandika makala ndefu za hisabati kueleza jambo ambalo mistari miwili mitatu ingelidokeza.

Binamu ajiunga

Binamu yangu anajifunza Python, nikampa sehemu ya kuchapisha ratiba. Ilirudi na mistari kama `i = i + 1  # ongeza moja kwenye i`.

"Mdogo wangu, hii si inaonekana?"

"Kaka, si ulisema niweke komenti?"

Ana hoja; nilimwambia aweke, sikumwambia za nini. Kubwa zaidi ni pale alipobadilisha hatua ya ukokotoaji kutoka dakika 10 kwenda 6 na kuiacha komenti ikisema 10. Mwongozo wa uandishi wa Python, PEP 8, unasema wazi kwamba komenti inayopingana na msimbo ni mbaya kuliko kukosekana. Tumeiondoa, na sasa pana `HATUA_DAKIKA = 6` peke yake.

Yeye ndiye aliyeibua suala la usiku. Kwa kalenda ya kompyuta, saa tatu usiku Alhamisi na saa nane usiku wa baadaye ni tarehe mbili. Kwa shangazi zote ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na hivyo ndivyo ratiba inavyoandika. Programa asiyejua atadhani ni hitilafu. Tumeweka maelezo juu ya fanksheni, na jaribio lenye jina refu makusudi: `test_alhamisi_saa_tatu_usiku_ni_kuamkia_ijumaa`. Likivunjika, jina lenyewe litamwambia alichovunja.

Kilichobaki

Faili la `bandari.py` bado linanisumbua. Vimo na awamu vinafanya kazi, lakini jamaa hakumbuki alivitoa wapi. Nimeandika hivyohivyo: "Chanzo hakijulikani. Zimelinganishwa na jedwali lililochapishwa. Kimo na saa vinakubaliana. Usiziboreshe bila vipimo." Nikipata vipimo halisi vya maji nitazikokotoa upya.

Kipengele cha bamvua kimeanza kutoa tarehe. Binamu anaandika ujumbe wake, mimi nahakikisha mwandamo na mbalamwezi vinaangukia panapostahili.