Kwa nini nimebaki na .30-06 yangu

Miezi mitatu yote nimewasumbua watu na habari ya kununua bunduki ya risasi aina ya .300 Winchester Magnum, nimeuliza bei, nimeulizia mambo ya kibali, nimeota nayo kabisa, na sasa nimeacha. Nabaki na bunduki yangu ya siku zote, ya risasi aina ya .30-06. Naandika maana naona vijana wenzangu hapa Iringa wanaotafuta bunduki ya kwanza ya kuwindia wanaangalia namba moja tu, spidi ya risasi, basi.

Haya tuanze na hio spidi. .30-06 ikiwa na kichwa (kile kipande cha risasi kinachoruka) cha greni 180, yani kama gramu 11.7, inatoka mtutuni na mita 820 hivi kwa sekunde. .308, aina nyingine ya kuwindia, iko nyuma kidogo, mita 800. Sa .300 Win Mag kichwa kilekile inakirusha na mita 900, ukiziona hizo kwenye karatasi lazima roho ikudunde, mimi ilinidunda. Ila hizo mita 80 za ziada hazitoki hewani, ni baruti nyingi zaidi, na anayelipa ni bega. Kwenye bunduki ya kilo tatu na nusu hivi teke la .30-06, yani nguvu inayokurudia begani ukifyatua, ni kama jouli 27, la .300 linapita 35.

Nikasema kwani nini, bega nnalo. Kila tukienda kulenga shabaha upande wa Isimani rafiki yangu ananipokeza .300 ya kwake, nikawa napiga, vitundu vinatawanyika karatasi nzima nikasingizia darubini. Mjomba alikuwa anatazama tu, siku moja akasema leo magazini najaza mimi. Kumbe amechanganya risasi za mazoezi zisizo na baruti humo ndani, hajasema. Ya kwanza ikalia vizuri, ya pili nikavuta kifyatulio, ta! kimya, na mtutu ukazama chini kama mtu kausukuma kwa mkono, macho nimefumba, bega nimelitupa mbele. Na risasi yenyewe haikuwepo. Ikatokea mara tatu. Mjomba akaniambia, "Mjomba, bunduki haijalia na wewe umeshakimbia." Tukarudia na .30-06, mchanganyiko uleule, mtutu ukatulia hata kwenye zile zisizo na baruti. Ile siku iliniuma sana lakini ndo nilielewa tatizo lilikuwa wapi, nilikuwa naliogopa teke kabla halijaja.

Na tena mapori yetu haya ya miombo, mfano upande wa Chunya, mnyama unamuona mita ngapi? Mia, mia na hamsini ukibahatika. Kwa umbali huo .300 inafika mapema kwa sekunde 0.02 hivi, kongoni hajui tofauti hiyo. Angekuwa mtu anapiga mita 400 kwenye uwanda wazi ningemwelewa kabisa.

Kuna mzee mmoja aliyewahi kuwa bwana nyama, yeye anapenda .375 H&H tu, ile ya Holland & Holland wa London ya mwaka 1912. Kichwa greni 300, mita 770 kwa sekunde, teke kama jouli 50. Niliipiga mara mbili nikashangaa, inasukuma kuliko inavyochapa, sio kama ile .300 inayokung'ata ghafla, maana bunduki yenyewe nzito, inapita kilo nne. Kwa mbogo mzee hakubali kushuka chini yake na mimi naona yuko sahihi, mbogo anataka kichwa kizito kinachozama mpaka ndani. Halafu angalieni .458 Winchester ya 1956, greni 500, mita 640 tu kwa sekunde, ya polepole kuliko zote nilizotaja na ndo watu wanaibebea tembo!

Nikipita Lugalo kwenye barabara ya Morogoro hua nawaza hili jambo. Agosti 1891 askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, walikuja na bunduki za Mauza za 1871, risasi ya milimita 11, gramu 25, mita 440 hivi kwa sekunde, za baruti nyeusi yenye moshi mzito. Ukilinganisha na mkuki ni spidi ya kutisha ile. Lakini Wahehe waliwavamia kwa karibu mno, askari wengi hata kujaza risasi hawakuwahi, na Zelewski mwenyewe akafia palepale. Namba walikuwa nazo, muda ndo hawakuwa nao.

Kingine kidogo, huku kwetu juu zaidi ya mita 1,500 hewa nyepesi, risasi inapoteza spidi taratibu kuliko pwani, kwa hiyo jedwali la kiwandani, lile linaloonyesha risasi inashuka kiasi gani kwa kila umbali, ukiling'ang'ania utapiga juu ukifika mita 300. Kwa mia haina shida.

.375 bado naitamani, siwafichi. Ila kabla ya kuulizia bei nitaipiga risasi ishirini, na magazini atajaza mjomba.