Jumapili tatu za pingamizi

Riwaya ya mapenzi ya Kikristo ninayoiandika hapa Unguja haihitaji chumba cha kulala ili imshike msomaji, kwa kuwa desturi ya kanisa imekwisha kunipa mhimili wa kisa: ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na mwenye kujua kizuizi hutakiwa aseme. Wachumba wangu wanatangazwa Mkunazini, katika kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na anayepinga ni shangazi wa binti (wivu wa wanaume umeshatuchosha), akidai kwamba kijana anamfuata binti, si Kristo. Nitaichapa kwa gharama yangu, nakala chache kwanza, katika kisiwa ambacho wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walichapa vitabu vya Kiswahili tangu karne ya 19.