Chuo kisichoonyesha adui

Bwana asifiwe wapendwa, poleni na majukumu. Tafakari ya wiki hii imetoka kwenye damu, msishangae, nimekesha nasoma mambo ya kinga ya mwili mpaka usingizi ukaruka.

Kuna seli nyeupe zinaitwa seli T. Zinaanzia kwenye uboho wa mifupa kama ndugu zao wote wa damu, ila zikiwa bado changa kabisa zinahama, zinaenda kwenye tezi iko nyuma ya mfupa wa kifua juu kidogo ya moyo, inaitwa thaimasi. Zamani wataalam wengi waliiona kama kitu hakina kazi, mpaka 1961 Jacques Miller akaonyesha kwamba panya wachanga wakitolewa hiyo tezi kinga yao inaporomoka. Kumbe ndo chuo chenyewe.

Sa mimi nilidhani huko zinafundishwa kumjua adui, virusi, bakteria na wenzake. Wapi! Zinaonyeshwa nyumbani. Zipo seli za thaimasi kazi yao ni kutengeneza protini za viungo vingine, yani insulini ambayo ni ya kongosho unaikuta pale kifuani, afu seli T zinapitishwa hapo mbele. Isiyoweza kabisa kusoma kitambulisho cha mwili inakufa, na ile inayorukia cha nyumbani kwa nguvu inaamriwa ijiue. Katika kila 100 kama 95 hivi au zaidi hazitoki, na hizo chache zinazofaulu zinaingia kwenye damu hazijawahi kukutana na mdudu hata mmoja. Ikiponyoka mbaya ndo unasikia kisukari cha aina ya kwanza, askari wa mwili wanaua seli zinazotengeneza insulini wakidhani wako kazini.

Hapo nikakumbuka Luka 9. Kijiji cha Wasamaria kimekataa kumpokea Yesu, Yakobo na Yohana wanauliza tuagize moto ushuke uwateketeze?? Bidii wanayo, silaha wanayo, ila shabaha yao ni watu ambao Bwana bado anawataka. Akawakemea. Na sisi jamani, ndugu akiteleza kidogo tu tunavyomfyatulia mistari, na mimi nimo humo humo.

Najua mfano wenyewe una mahali unakwama, Mungu hatupi watu 95 abaki na watano. Lakini kuna kitu kimenigusa zaidi. Baadhi ya zile zinazorukia cha nyumbani haziuawi, zinageuzwa ziwe za kutuliza wenzao, penye vurugu zenyewe ndo zinawazuia wengine. Shimon Sakaguchi alionyesha seli hizo 1995, na 2025 akapewa Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Sasa fungua Matendo 8. Samaria imelipokea neno, mitume huko Yerusalemu wanachagua wawili wa kuwatuma. Petro, na Yohana, yule yule wa moto. Safari hii anawawekea mikono.